Visimamizi vya Unukuzi katika Upevukaji wa Seli Dendriti: Ufafanuzi kwa Kiswahili kwa Watafiti na Washauri wa Sera za Afya

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi protini zinazosimamia unukuzi wa jeni zinavyoiongoza seli dendriti kutoka hali ya kukusanya sampuli hadi hali ya kuamsha kinga ya mwili. Ufafanuzi unajengwa juu ya mifano inayoigusa Afrika Mashariki: utafiti wa malaria uliofanyika Kilifi, chanjo za malaria, chanjo ya BCG, na mlipuko wa mpox uliotangazwa nchini Burundi mwaka 2024. Sambamba na maelezo ya kibiolojia, makala inachunguza istilahi tatu, yaani unukuzi, upevukaji na kinga, na inadai kwamba uteuzi wa istilahi hizi hauwezi kuachiwa mfasiri wa fomu dakika ya mwisho.

Utangulizi

Bujumbura ni makao ya Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, ina makao yake Zanzibar. Baina ya taasisi hizi mbili za Jumuiya moja kuna ziwa, nyanda pana za Tanzania na mkono wa bahari. Lakini umbali ulio mgumu zaidi kuuvuka ni ule wa istilahi. Mganga wa Burundi husomea udaktari kwa Kifaransa, huzungumza na wagonjwa wengi kwa Kirundi, na anapofika Buyenzi au Bwiza hujikuta akieleza chanjo kwa Kiswahili. Makala za kisayansi anazozitegemea ni za Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha nne, dhana hupotea njiani, na mara nyingi hakuna anayetambua kwamba imepotea.

Elimu ya kinga ya mwili ni uwanja ambao hasara hiyo huonekana wazi. Tangu neno UKIMWI lilipoenea, nomino kinga imekuwa mali ya kila nyumba, na mwaka 2021 Watanzania walizoea UVIKO-19 kwa haraka ya kushangaza. Hata hivyo, maelezo ya jinsi kinga inavyofanya kazi yamebaki kwenye tashbihi moja tu: askari wa mwili wanaopigana na adui. Tashbihi hiyo ina faida zake. Kwa seli inayojadiliwa hapa, inapotosha.

Seli isiyo askari

Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza aina ya seli waliyoiona katika wengu la panya. Ilikuwa na mikono mirefu inayochipuka na kujikunja, nao wakaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Wataalamu wengi hawakuamini kwa miaka mingi kwamba seli hizo chache zilikuwa na umuhimu wowote. Steinman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Alikuwa amefariki dunia siku tatu kabla ya jina lake kutangazwa, na kamati ikaamua tuzo ibaki yake.

Seli dendriti haipigani. Hukaa ngozini, katika utando wa njia ya hewa, utumboni na katika viungo vingine, ikimeza vipande vya chochote kinachopita: mabaki ya seli za mwili zilizokufa, bakteria, virusi, chembe za chanjo. Hapa Kiswahili kinatoa msaada ambao lugha ya maabara haina. Kitenzi kukinga kina maana ya kuzuia dhara, lakini pia kina maana ya kuweka chombo chini ya mchirizi ili kipokee maji. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, na hukinga maji ya mvua kwa ndoo. Seli dendriti changa inakinga kwa maana hii ya pili, na ni kutokana na kazi ya ndoo ndipo kazi ya mwavuli inapowezekana.

Ikishapata ishara ya hatari, seli hiyo hubadilika. Huacha kumeza, huelekea kwenye tezi za limfu (zile ambazo zikivimba kinenani au kwapani watu huziita mitoki), na huko huziwekea seli T vipande vya ilichokusanya juu ya molekuli maalumu za uso wake ziitwazo MHC. Seli T inayokitambua kipande hicho, na kupata pamoja nacho ishara ya pili kutoka molekuli za CD80 na CD86, huamka na kuzaana. Ikikosa ishara ya pili, hunyamaza au hufundishwa kuvumilia. Kwa hiyo seli dendriti ileile, ikiwa na kipande kilekile, inaweza kuagiza vita au kuagiza amani. Tofauti iko katika jeni zipi zimesomwa ndani ya kiini chake.

Kupevuka, si kukomaa

Mabadiliko haya, waandishi wa Kiswahili wanapoyataja, huelekea kuyaita kukomaa. Makala hii inapendelea kupevuka, na sababu si urembo wa lugha. Kilichokomaa kimefika mwisho wa ukuaji wake na aghalabu kimekuwa kigumu, kama muhogo uliokaa shambani kupita kiasi. Kilichopevuka kimefikia uwezo: embe pevu si embe bivu, lakini likichumwa litaiva, kijana aliyepevuka akili ameanza kutambua mambo. Seli dendriti changa nayo si pungufu. Inafanya kazi kamili, ila ni kazi nyingine. Msomaji wa sera anayesoma kwamba kimelea fulani kinazuia seli zisikomae atadhani ni udumavu, kana kwamba mtoto amekosa lishe. Kinachozuiwa hasa ni uamuzi.

Kitenzi hicho tayari kinatumika katika elimu ya uzazi kwa yai, na baadhi ya wanaistilahi wataona hatari ya mkanganyiko. Hatari hiyo ni ndogo. Muktadha wa yai na muktadha wa seli ya kinga havikutani katika sentensi moja.

Unukuzi na wasimamizi wake

Kila seli ya mwili yenye kiini hubeba takriban jeni zilezile. Seli ya ini na seli dendriti hutofautiana kwa kuwa kila moja husoma sehemu tofauti za maandishi yaleyale. Kusoma huko huanza kwa kutengeneza nakala ya jeni katika umbo la mRNA, na nakala hiyo ndiyo inayotoka nje ya kiini kwenda kutumika kuunda protini.

Maandishi ya Kiswahili huita hatua hii kunakili, na kosa huanzia hapo, kwa sababu kunakili pia hutumika kwa tendo jingine kabisa: DNA yote kujirudufu kabla ya seli kugawanyika. Wanaisimu wana neno lililo tayari. Kwa miongo mingi wamesema unukuzi wa kifonetiki, wakimaanisha kuhamisha sauti zilizochaguliwa kutoka mfumo mmoja wa alama hadi mwingine. Ndicho kinachotokea ndani ya kiini: kifungu kilichochaguliwa kinahamishwa kutoka DNA hadi RNA. Anayenukuu hachukui kitabu kizima. Kwa hiyo hapa itatumika unukuzi, na protini zinazoamua kifungu kipi kinukuliwe, lini na kwa wingi gani, zitaitwa visimamizi vya unukuzi. Neno kipengele, linalojitokeza katika baadhi ya tafsiri, halisemi kitu. Kila kitu ni kipengele cha kitu kingine.

Kisimamizi cha unukuzi hushika mfuatano mfupi wa DNA karibu na jeni, au mbali nayo katika maeneo ya kuchochea, kisha hukaribisha au hufukuza mitambo ya kunukuu. Baadhi huamua seli iwe ya aina gani. Wengine hungoja ishara. Katika seli dendriti makundi haya mawili hufanya kazi kwa kufuatana, ingawa mipaka yao si safi kama vitabu vinavyochora.

Kundi la kwanza hufanya kazi katika uboho, mahali seli za damu zinapozaliwa. PU.1, ikiwa kwa wingi, huielekeza seli chipukizi kwenye njia hii. IRF8 na BATF3 huhitajika kwa tawi la seli dendriti zilizo hodari wa kuamsha seli T zinazoua seli zilizoambukizwa; IRF4 husimamia sehemu kubwa ya tawi la pili, lenye uhusiano zaidi na seli T saidizi; na TCF4 huhitajika kwa seli dendriti za aina ya plazimasitoidi, ambazo humwaga intaferoni kwa wingi zinapokutana na virusi. ID2 humzuia TCF4, na kwa kumzuia huliruhusu tawi jingine lichipue.

Umuhimu wa kundi hili kwa binadamu ulidhihirika mwaka 2011, pale watafiti walipoeleza wagonjwa wenye mabadiliko katika jeni ya IRF8. Mtoto mchanga mmoja hakuwa na monositi wala seli dendriti katika damu yake, naye alipata maambukizi makali. Wagonjwa wengine wawili, wenye badiliko jingine katika jeni hiyohiyo, walikosa aina moja tu ya seli dendriti, na BCG waliyochanjwa ilienea mwilini na kuwaugua. Hali hizi ni adimu mno na hazipunguzi thamani ya BCG, inayotolewa kwa watoto wachanga nchini Burundi na katika nchi jirani. Zinaonyesha tu kwamba usalama wa chanjo yenye bakteria hai hutegemea, pamoja na mambo mengine, protini moja iketi mahali pake kwenye DNA.

Kufuli na ufunguo

Kundi la pili ndilo kiini cha upevukaji, na miongoni mwake NF-κB ndiyo inayostahili maelezo marefu. Iligunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore, wakichunguza seli B. Jina ni la umoja lakini kitu ni ukoo: RelA, RelB, c-Rel, p50 na p52, ambazo hukaa wawiliwawili.

Katika seli dendriti iliyotulia, NF-κB imekwisha kutengenezwa na iko nje ya kiini, imefungwa na protini iitwayo IκB kama mlango uliotiwa komeo. Vipokezi vya seli, vikiwemo vile vya jamii ya TLR, vinapogusa kitu ambacho mwili wenyewe hauna, kwa mfano molekuli ya ukuta wa bakteria inayotambuliwa na TLR4, hupeleka ishara ndani kupitia protini za MyD88 na TRIF. Kimeng'enya kiitwacho IKK huitia IκB alama ya fosfati. IκB iliyotiwa alama husagwa. NF-κB huachiwa na kuingia kiini. Haya yote huchukua dakika, si siku, kwa sababu hakuna kilichohitaji kuundwa upya.

Ndani ya kiini, NF-κB huanzisha unukuzi wa jeni za CD80, CD86 na CD40, pamoja na ile ya CCR7, kipokezi kinachoiongoza seli hadi kwenye tezi za limfu. c-Rel inahitajika ili IL-12, ujumbe unaoielekeza seli T ipambane na vimelea vya ndani ya seli, itolewe ipasavyo. RelB huchukua nafasi baadaye na kuidumisha hali ya upevu. Kwa upande mwingine, ishara za TRIF huamsha IRF3, na pamoja na IRF7 hutoka intaferoni dhidi ya virusi.

Miongoni mwa jeni zinazowashwa na NF-κB imo ile ya IκB yenyewe. Maana yake, ufunguo unapofungua mlango huagiza pia komeo jipya. Bila breki hii mwasho ungeendelea hadi kuudhuru mwili. Madaktari wa kanda hii wanajua dawa inayotumia njia hiyohiyo ya kutuliza: deksamethasoni, iliyopata umaarufu mwaka 2020 kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Dawa hiyo hushika kipokezi ambacho chenyewe ni kisimamizi cha unukuzi, nacho hukizuia NF-κB. Ndiyo sababu huokoa mgonjwa ambaye kinga yake inamchoma, na huweza kumdhuru ambaye kinga yake bado inahitaji kuamka.

Jambo moja huwatatiza wanafunzi, na wafasiri pia. Jeni za MHC ya daraja la II husimamiwa na protini iitwayo CIITA. Mtu angetarajia CIITA iongezeke seli inapopevuka, kwa kuwa MHC hizo huongezeka juu ya uso wake. Ukweli ni kinyume: unukuzi wa CIITA huzimwa. MHC zilizokwisha kutengenezwa hutolewa ghalani, hupandishwa usoni na hukaa muda mrefu bila kubadilishwa, zikishikilia vipande vilevile vilivyokusanywa mahali pa hatari. Seli imefunga mapokezi ili isichanganye shehena. Mfasiri anayeandika kwamba upevukaji huwasha jeni zote za kinga atakuwa amekosea.

Kilifi: kimelea kinachozuia uamuzi

Mwaka 1999, katika jarida la Nature, Britta Urban na wenzake walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa Plasmodium falciparum, zikijishikiza kwenye seli dendriti katika maabara, huzizuia zisipevuke hata zinapopewa kichocheo cha bakteria. Mwaka 2001 kundi hilo, likishirikiana na watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, lilichapisha matokeo kutoka damu ya watoto: wenye malaria kali au ya kawaida walikuwa na upungufu wa seli dendriti zinazoonyesha HLA-DR, ambayo ni mojawapo ya MHC za daraja la II, wakilinganishwa na watoto wenye afya.

Kazi zilizofuata zilitia tahadhari. Ilibainika kwamba uwiano una uzito: chembe nyingi zilizoambukizwa kwa kila seli dendriti huzuia, ilhali chache huweza zisizuie. Mjadala kuhusu njia hasa inayotumiwa na kimelea haujafungwa. Lakini swali lililoulizwa Kilifi ndilo swali sahihi kwa eneo lenye malaria mwaka mzima, kwani linajaribu kueleza kwa nini mtoto huugua malaria mara nyingi kabla ya kupata kinga ya kumsaidia, na kinga hiyo nayo haiwi kamili.

Swali hilo liliambatana na chanjo. RTS,S, iliyojaribiwa kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, haina kimelea hai. Protini yake peke yake ingepita mbele ya seli dendriti kama mgeni asiye na habari. Kwa hiyo imechanganywa na kiamshi kiitwacho AS01, chenye vitu viwili: MPL, iliyotokana na bakteria wa jamii ya Salmonella na inayogusa TLR4, na QS-21, inayotokana na gome la mti wa Chile. Hivyo MPL hubonyeza kengele ileile iliyoelezwa hapo juu. Chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa pia Bagamoyo na Kilifi, hutumia kiamshi cha gome la mti huohuo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Katika jaribio kubwa, dozi nne za RTS,S zilipunguza matukio ya malaria kwa asilimia 36 kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17. Mshauri wa sera anayeuliza kwa nini si asilimia 90 anastahili jibu linalotaja kimelea, mwili na kiamshi, si jibu la askari waliolala.

Bujumbura: virusi vinavyotia komeo

Burundi ilitangaza mlipuko wa mpox Julai 2024, na mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likautaja ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Aina iliyoenea ilitambuliwa kwanza Kamituga, Kivu Kusini, ng'ambo ya ziwa. Virusi vya jamii ya ndui vinajulikana kwa kubeba protini nyingi ambazo kazi yake ni kumzuia NF-κB asiingie kiini. Seli dendriti zilizoambukizwa na virusi vya vaksinia, ndugu wa virusi vya mpox, hushindwa kupevuka.

Chanjo iliyotumika zaidi dhidi ya mpox, MVA-BN, ilitokana na vaksinia iliyopitishwa zaidi ya mara 500 katika seli za kiinitete cha kuku, nchini Ujerumani, hadi ikapoteza takriban asilimia 15 ya jeni zake. Miongoni mwa zilizopotea zimo kadhaa za kuzuia NF-κB. Virusi hivyo haviwezi tena kuzaana katika seli za binadamu, na wakati huohuo vimepoteza sehemu ya uwezo wa kuzinyamazisha seli dendriti. Maelezo haya yanaingia katika sentensi mbili za Kiswahili, na mama wa Buyenzi anayeuliza kama chanjo itamwambukiza mwanawe anaweza kuyapima mwenyewe.

Kinachohitaji kuamuliwa

Utafiti kuhusu ridhaa uliofanyika Kilifi ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakutofautisha utafiti na tiba, na kwamba uchukuaji wa damu uliibua hofu ambayo fomu hazikuijibu. Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, na fomu inayosema tutachukua damu kidogo kuchunguza kinga haiondoi kumbukumbu hiyo. Fomu inayosema kwamba ndani ya damu zimo seli zinazokusanya habari za kimelea, na kwamba watafiti wanataka kujua ni nini kinachozizuia zisifikishe habari hizo, ina nafasi nzuri zaidi ya kueleweka na, kwa haki, ya kukataliwa na anayeelewa.

Sentensi ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na mwanaisimu peke yake, kwa kuwa hajui CIITA huzimwa lini. Wala na mwanabiolojia peke yake, kwa kuwa haoni tofauti ya pevu na bivu. Kamusi zilizopo, zikiwemo za sayansi zilizotayarishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1990, zilitangulia sehemu kubwa ya maarifa haya. Kwa sasa kila mradi huunda istilahi zake. Mtoto mmoja anaweza kushiriki jaribio la malaria kwa fomu inayosema kunakili na baadaye jaribio la mpox kwa fomu inayosema unukuzi, huku mama akidhani ni mambo mawili. Hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa ni kamisheni mbili za Jumuiya, ya Bujumbura na ya Zanzibar, kukubaliana juu ya orodha fupi ya istilahi za kinga zinazotumika katika fomu za ridhaa, na kuipeleka kwa kamati za maadili za nchi wanachama kabla ya fomu zijazo kuidhinishwa.